Mapipa ya Traudi

Siku Traudi aliponiambia hatutajaza tena chupa, nilikuwa nimeshika brashi ya kuoshea chupa, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Aliniambia kwa furaha, mikono kiunoni.

"Shoga, sasa utapumzika! Basi kuosha chupa, basi kukwangua lebo. Tunaweka mapipa na koki, bia inatoka yenyewe kama baa."

"Tunaweka?" nikamuuliza. "Nani na nani?"

"Mimi na Ivone."

Wivu wangu ulianzia hapo, na sitaki mtu anitafutie jina la heshima zaidi. Haukuwa wasiwasi wala huzuni. Ulikuwa wivu, ule wa kumfanya mtu mzima ajibanze nyuma ya pazia la jikoni aone ni nani kafungua geti la jirani. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda, maana nikikasirika nakula.

Mimi na Traudi Siewert tumetenganishwa na barabara ya changarawe na mtaro. Tulianza kushona pamoja kiwandani Pomerode, kusini mwa Brazili, tukiwa wasichana, tukastaafu pamoja, na bia tukaanza kuipika pamoja katika banda la nyuma ya nyumba yake. Kazi tuligawana bila kupanga. Kupika alipika yeye, maana ana subira ya kukaa na sufuria. Kujaza chupa tulijaza wote wawili: yeye anatia kijiko cha sukari katika chupa tupu, ananipa, mimi najaza bia, namrudishia, anabana kifuniko. Hamira iliyobaki inakula ile sukari ndani ya chupa, na bia inapata gesi. Chupa inakwenda na kurudi, na maneno yanakwenda nayo. Kwenye benchi lile nilimwambia kwamba binti yetu ameachika, kabla hata sijamwambia Lauro, mume wangu. Kwenye benchi lile yeye aliniambia kwamba mumewe hatapona. Mambo hayo huwezi kumwambia mtu mkitazamana mezani. Unayasema mikono ikiwa na kazi.

Sasa mtu anakuja kukwambia utapumzika. Kiwandani nako waliniambia hivyohivyo, wakanipa saa ya ukutani.

Huyo Ivone Pacheco alikuja bondeni kwetu baada ya kanivali, akaingia katika nyumba ya marehemu Kopsch. Ametoka pwani, kaachana na mume, anaendesha pikapu, na akicheka anasikika mpaka kanisani. Kipomerani, lugha yetu ya nyumbani, hakujua hata neno moja. Nilimpelekea kuka ya ndizi, keki yetu ya huku, siku aliyohamia, maana mgeni ni mgeni, na mimi ni mtu wa adabu. Laiti ningejua, ningeila mwenyewe.

Maana kumbe Ivone naye alikuwa mpika bia. Na huko kwao pwani, chupa waliziacha zamani.

Nilivumilia siku chache, kisha nikaoka kuka nyingine ili nipate sababu ya kuvuka barabara. Nikawakuta bandani. Benchi letu la chupa lilikuwa limesogezwa ukutani, limewekewa ndoo za rangi. Mahali pake palikuwa na friza kuukuu, ile ya kulala, mfuniko wameuinua wakauwekea fremu ya mbao chini yake, na kwenye mbao wametoboa matundu matatu ya koki tatu. Ndani ya friza yamesimama mapipa marefu membamba ya chuma, yale ambayo zamani yalikuwa ya soda. Nje umesimama mtungi wa gesi wenye mita, na kutoka kwenye mtungi mipira imetambaa kila upande.

Wao wenyewe walikuwa wamepiga magoti, vichwa vimegusana juu ya pipa. Traudi ameshika brashi yenye povu la sabuni, anapaka kila kiungo, na Ivone anaangalia kama povu linatoa viputo. Likitoa, gesi inavuja.

"Shh!" Ivone akasema. "Sikia. Hapo kwenye mfuniko."

Traudi akalaza sikio juu ya pipa, kafumba macho. Mimi niko mlangoni na kuka yangu, sijasalimiwa.

"Salama humu?" nikasema, kwa Kipomerani.

Traudi akainua kichwa, akanitazama kwa furaha kabisa, akanijibu kwa Kireno. "Salama, Nelci! Karibu uone."

Kwa Kireno! Tangu utoto wetu, mimi na Traudi hatujawahi kusemeshana kwa Kireno isipokuwa mbele ya msimamizi wa kiwanda. Najua alifanya hivyo ili mgeni asijisikie vibaya. Lakini mimi ndiye niliyejisikia vibaya, na hakuna aliyebadilisha lugha kwa ajili yangu.

"Dona Nelci, tuazime sikio lako," Ivone akaniita. "Hili pipa linatuficha mahali linapovujia."

"Masikio yangu ya kizee, mwanangu," nikamjibu. "Hayasikii hata yakiitwa."

Ivone ni mdogo kwangu kwa miaka michache tu. Hilo "Dona" lake, la kumwitia mama mtu mzima kwa heshima, nililisikia vizuri sana.

Nikaweka kuka juu ya ndoo ya rangi, nikasimama kutafuta kasoro. Nikauliza kama mapipa yale hayanuki soda. Ivone akasema yalikuwa yananuka, lakini harufu inakaa katika mipira ya kuzibia, na mipira yote wamebadilisha. Nikauliza kama gesi hailipuki. Akasema hailipuki, ni ileile iliyomo kwenye bia. Nikauliza, na umeme ukikatika? Traudi akaanza kucheka.

"Nelci, wewe umekuja kutazama au umekuja kukagua?"

"Nimeleta kuka," nikasema, na nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata waliniita nionje. Nilikwenda, maana nisingekwenda ningekufa kwa kutaka kujua. Traudi akashika koki ya kwanza kwa madaha, akafungua, na glasi ikajaa povu. Povu tupu, jeupe, mpaka likamwagika kwenye viatu vyake. Akajaribu tena, povu. Ndoo ikajaa povu. Nilijipa kazi ya kuangalia dari, kwa sababu midomo yangu ilikuwa inakwenda kwenye kicheko bila ruhusa.

"Pole, shoga," nikamwambia. "Labda iko siku itatoka bia."

Ivone hakutahayari hata kidogo. Akasema mpira wa kwenda kwenye koki ni mfupi mno, bia inafika ina kasi. Akautoa, akaweka mpira mrefu, akauzungusha ndani ya friza kama kamba ya kuanikia nguo, kisha akapunguza presha kwenye mita. Koki ikafunguliwa tena. Ikatoka bia nyekundu safi, na juu yake povu la kidole kimoja. Traudi akampiga Ivone begani, wakakumbatiana. Mimi nikanywa. Ilikuwa tamu, na hapo ndipo iliponiuma. Ingekuwa mbaya ningelala usingizi.

Lauro alinikuta jioni ile namenya viazi vingi kuliko idadi ya watu nyumbani.

"Bia yao ikoje?" akauliza.

"Inanyweka."

"Mbona viazi vinalia?"

"Lauro, usinianze."

"Mimi sijasema kitu. Ila kama una la kumwambia Traudi, si umwambie? Barabara si pana."

Wanaume wanaona barabara tu. Nimwambie nini? Niseme, mwanamke wa miaka hii, ninaomba unirudishie benchi? Nilichotaka kilikuwa kimoja. Nilitaka Traudi avuke yeye ile barabara, aje aniambie, Nelci, bila wewe haiendi. Lakini ilikuwa inaenda, na inaenda vizuri, na kila Jumamosi pikapu ya Ivone iliegeshwa pale mpaka jioni. Nilisikia Traudi akimfundisha maneno ya Kipomerani. Alianza na matusi, kama kawaida, na kicheko cha Ivone kikaruka barabara kikanifuata mpaka kwenye banda la kuku.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajiambia. Kitapita. Hakikupita.

Kisha ikafika Agosti, na mambo ya umalkia. Traudi ndiye aliyekuwa Malkia wa Shabaha wa klabu yetu ya bunduki mwaka ule, kwa risasi aliyoipiga katikati hasa ya ubao. Mwisho wa mwaka wake, klabu nzima inamfuata malkia nyumbani kwake: bendi ya matarumbeta mbele, bendera, wanachama wote na sare zao za kijani. Wakifika, malkia anawalisha na kuwanywesha, kisha wanamchukua na kumpeleka klabuni kwa gwaride. Nyumba ya malkia inasemwa mwaka mzima kwa siku ile moja. Ikikosa bia, itasemwa mpaka wajukuu.

Nilivuka barabara nikamuuliza nilete nini. Nilikuwa nimeshapanga jibu langu kwa chochote atakachosema.

"Usilete kitu!" Traudi akaniambia. "Mapipa mawili yamejaa, yanatosha. Wewe njoo ukae kama mgeni, ule, unywe."

"Kama mgeni."

"Ndiyo, shoga. Umeshafanya kazi ya kutosha."

Nikarudi nyumbani. Niliitoa sufuria yangu ya kuchemshia nguo, nikaisugua mpaka nikajiona ndani yake, na siku ileile nikaagiza kimea. Nilipika peke yangu katika chumba cha kufulia, dirisha nimelifunga ili harufu isivuke barabara. Lauro akapitisha kichwa mlangoni.

"Unapika bia au unapika kisasi?"

"Vyote vinataka moto," nikamwambia. "Funga mlango."

Ilipokoma kuchachuka nikaijaza kwenye chupa, zile za kahawia tulizokuwa tukitumia, ambazo Traudi alinipa niziuze kwa wanunuzi wa chupa tupu nikakataa. Benchi nilikuwa na langu. Nilichukua chupa, nikajaza, nikabana kifuniko, nikachukua nyingine. Kazi ilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, na niliona hiyo ni dalili njema. Kumbe mtu mmoja anatosha, nikasema kwa sauti. Hakuna aliyenijibu.

Nilizificha kreti mbili chini ya kitanda cha chumba cha binti yetu. Sikuonja hata moja. Tulikuwa na mwiko mimi na Traudi: chupa ya kwanza ya kila mpiko haifunguliwi na mtu mmoja. Wanafungua wawili, wanasikiliza inavyopumua, ndipo wanakunywa. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka kisogo kinaniuma, lakini mwiko sikuuvunja. Na Lauro sikumwita. Lauro anakunywa chochote na kusema sawa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Siku ya msafara ningeweka kreti zangu mezani, kando ya zile koki, juu ya kitambaa cheupe. Watu wetu wanaijua bia ya chupa ya Traudi na Nelci. Wangeinywa, wangekumbuka, wangemwambia malkia mbele ya mgeni wake: hii ndiyo bia. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo, ingawa nilikuwa tayari kupokea zaidi.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa baridi yenye ukungu. Lauro alinisaidia kuzivusha kreti, kisha akaenda kujiunga na msafara klabuni. Ndani ya nyumba Traudi alikuwa anavishwa na mkwewe: ukanda wa umalkia, medali zinazogongana, kofia yenye unyoya. Uani meza zimepangwa, bata wa kujazwa wamepangwa kwenye sinia, na Ivone yuko kwenye friza, iliyotolewa bandani, anafuta koki kwa kitambaa. Koki mbili zilikuwa zinafanya kazi. Ya tatu haikuwa na kitu, pipa lake limesimama pembeni, safi, tupu.

"Dona Nelci!" akasema. "Umeleta chupa? Wewe ulipika?"

"Kidogo tu," nikasema. "Watu wa hapa wamezoea."

"Tuonje moja kabla hawajafika? Tafadhali. Traudi hajawahi kunionjesha ile ya chupa, anasema ziliisha."

Mbali, chini bondeni, ngoma kubwa ya bendi ilianza kusikika. Nilitafakari ule mwiko. Lakini tulikuwa wawili, na zaidi ya hapo nilitaka kuuona uso wake akimeza. Nikamwambia fungua.

Akabana kifungulio, akainua. Kifuniko kikadondoka mezani.

Sikusikia kitu. Wala pss, wala chochote. Ivone akaimimina kwenye glasi, ikashuka kama chai ya mgonjwa, ikakaa. Hakuna povu, hakuna tone lililopanda juu. Nikampokonya ile chupa, nikafungua nyingine, nikafungua ya tatu kutoka kreti ya pili. Zote zimekufa.

Nilijua papo hapo. Niliiona mikono yangu ikichukua chupa tupu, ikijaza, ikibana. Miaka yote ile, chupa ilipofika mkononi mwangu ilikuwa tayari na sukari ndani yake. Sijawahi kushika kijiko kile. Wala haikunijia akilini, kwa sababu kwangu mimi chupa inazaliwa na sukari.

"Sikutia sukari," nikasema. Nilikaa kwenye ngazi ya veranda. Matarumbeta yalikuwa yamevuka daraja. "Anatia yeye. Huwa anatia yeye."

Nilimngoja Ivone acheke. Kicheko chake kile, na klabu nzima njiani. Mimi ningecheka. Nasema kweli, ningekuwa yeye ningecheka na ningemwita Traudi aje kuona.

Ivone akaonja ile bia iliyokufa, akaizungusha mdomoni.

"Lakini ni nzuri," akasema. "Haina gesi tu. Gesi ninayo." Akaliburuta lile pipa tupu. "Fungua zote, Dona Nelci. Mimina taratibu, upande, isipige povu la hewa. Upesi!"

"Siweki bia yangu kwenye pipa lako."

"Basi iweke mezani hivyo ilivyo, bendi ikifika wakanywe chai."

Nikafungua. Nikamimina. Nilikuwa na hasira hata mikono ikapata kasi, na bia yangu yote ikaingia katika kile kitu nilichokuwa nakilaani tangu siku ya kwanza. Ivone akafunga mfuniko, akachomeka mtungi mdogo wa gesi, akasukuma presha juu. Halafu akaketi kando yangu kwenye ngazi, akalilaza pipa juu ya magoti yetu yote manne.

"Ni baridi kama chuma cha jeneza!" nikapiga kelele.

"Baridi ndiyo tunayoitaka, bia inameza gesi. Sukuma kwako. Sukuma kwangu. Kama mtoto mbishi wa kulala."

Tukasukuma. Kila pipa likienda upande wangu gesi ililia ndani, na kila likienda kwake ilinyamaza. Uani kwa mbele msafara ukaingia, ngoma, bendera, kelele za wanaume wenye kiu, na Traudi akitoka na medali zake akishangiliwa. Koki mbili zikaanza kazi, mkwewe ndiye aliyesimama hapo. Sisi tulikuwa pembeni, kwenye kona ya veranda inayotazama geti, hakuna aliyetuhitaji.

"Pipa lenyewe zito kuliko mume niliyemwacha," Ivone akasema, akihema, "na lina faida zaidi." Kisha akaongeza neno moja la Kipomerani, lile baya kabisa, la nguruwe na mama mkwe, na akalitamka vibaya, amelikata mahali sipo, likawa baya maradufu.

Sikutaka kucheka. Mungu anajua nilijizuia mpaka mbavu zikauma. Lakini pipa lilikuwa linatetemeka juu ya magoti, na Ivone hakujua alichosema, akanitazama kwa macho ya mtu aliyesema "habari za asubuhi". Nikaanguka begani kwake nikicheka, pipa likatuponyoka nusura lituvunje vidole, na tukalidaka pamoja tukipiga mayowe.

Traudi alikuwa amesimama pale kwenye kona, na kofia yake ya unyoya.

"Nawatafuta," akasema. Alikuwa anatutazama magoti, kisha pipa, kisha chupa tupu zilizolala kwenye kreti. "Hizo chupa zetu. Hiyo bia ya nani?"

"Ya Dona Nelci!" Ivone akajibu. "Haikuwa na gesi, tunaitilia. Ni tamu, Traudi. Tulionja moja."

"Mlionja moja," Traudi akasema.

Kisha akanigeukia mimi, na akabadilisha lugha. Kipomerani, cha chini, cha haraka, kile cha benchini.

"Ulipika lini?"

"Mwezi huu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Usinidanganye. Peke yako huwezi. Ulipika na nani?"

"Peke yangu, Traudi. Ndiyo maana haina sukari."

Shingo yake ilikuwa imeanza kuiva wekundu kuanzia kwenye ukanda kwenda juu, na mimi naijua shingo ile.

"Na ya kwanza," akasema, "ya kwanza umefungua na huyu?"

"Wewe uliniambia nije kama mgeni," nikamjibu. "Wageni tumekaa pamoja."

Huko mbele kamanda wa klabu alipiga filimbi na kuita, Malkia! Malkia wetu yuko wapi? Bendi ikaanza kujipanga. Traudi hakusogea. Alikuwa ameshika zile medali zote kwa mkono mmoja zisigongane, macho kayakaza kwenye bega la Ivone, pale nilipokuwa nimeegemea.

"Msiimalize," akasema. "Mnisubiri. Mmesikia? Msiinywe mpaka nirudi."

"Nenda, Malkia, watu wanakungoja," nikamwambia.

Wakamchukua. Walimweka katikati ya bendera, matarumbeta yakapiga, na msafara ukatoka getini kuelekea klabuni. Malkia anatakiwa aende ametazama mbele, kidevu juu, ndiyo heshima ya kiti chake. Traudi alikwenda kichwa kimegeuka nyuma. Alitazama kutoka getini, akatazama kutoka kwenye mtaro, akajikwaa, mtu akamshika kiwiko, akatazama tena.

Ndani yangu kitu kilichokuwa kimejikunja tangu siku ile ya brashi kikajinyoosha. Nilisikia furaha mpaka nikaona aibu, na ile aibu haikunizuia kitu.

Ivone alikuwa bado anasukuma pipa.

"Dona Nelci, Traudi ana nini leo? Ameudhika?"

"Ana wivu," nikasema.

Msafara ulikuwa haujafika kwenye kona. Nikajisogeza kwenye ngazi, nikambana Ivone bega kwa bega, ili Traudi aone vizuri.